Kilo Ishirini

Katika lango la Machame kuna mizani. Kila mzigo hupimwa kabla ya kupanda Mlima Kilimanjaro, kwa kuwa kanuni za hifadhi zinakataza mpagazi kubeba zaidi ya kilo 20. Wapo wanaoibeza kuwa ni urasimu mwingine tu wa serikali. Mimi, niliyetembea siku saba nyuma ya mizigo hiyo, naiona kuwa miongoni mwa sheria chache za kazi ambazo raia anaweza kushuhudia zikitekelezwa mbele ya macho yake.

Maisha ya njiani yana ratiba isiyobadilika. Alfajiri mtu hugusa turubai la hema akiwa na chai na beseni la maji ya moto. Hunywa, hufunga begi, huanza kutembea taratibu kwa sababu hewa ni haba. Haipiti saa nyingi kabla wapagazi waliobaki kuvunja kambi hawajakupita, hema kichwani, mtungi wa gesi begani, wewe umeketi juu ya jiwe ukihema. Ukifika Shira, hema zimekwisha kusimamishwa na maji yamechemka. Lile neno "polepole" ambalo watalii hulirudia kama dua ni anasa ya asiyebeba kitu.

Wenyewe hujiita wagumu. Jioni, Barranco, niliomba kula nao: ugali, kabichi, sufuria moja, watu wanane. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ujira wa siku haumtoshi mtu, na kwamba bakshishi, inayopaswa kuwa ziada, ndiyo inayolipa ada za watoto. Bahasha hiyo hupita mikono kadhaa kabla ya kuwafikia.

Usiku wa kwenda kileleni wengi wao hubaki kambi ya Barafu. Tuliposhuka Mweka, mmoja wao, mwenye miaka tisa katika kazi hiyo, aliniuliza:

"Mwalimu, hivi kule juu pakoje?"

Nikamweleza: barafu, upepo, na ubao ulioandikwa mita 5,895.

"Ubao tu?" Akacheka, akainua mzigo.

Hans Meyer alipofika pale mwaka 1889 alikipa kilele jina la mfalme wake wa Ujerumani. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda alipandisha bendera na Mwenge, na leo kilele kinaitwa Uhuru. Jina tulilibadilisha upesi. Malipo ya anayebeba yamebaki kuwa siri kati yake na aliyemwajiri.

Kwenye lango la Mweka mpandaji husaini kitabu na hupewa cheti. Sikuona meza ambapo mpagazi husaini kwamba amelipwa, kiasi gani, na bakshishi yake imemfikia. Kama tumeweza kupima kilo zake wakati wa kupanda, meza hiyo haihitaji sheria mpya wala bajeti kubwa: inahitaji kitabu, kalamu na ofisa mmoja asiyekula na kampuni.