Funza Ambaye Hakuwa Funza

Upepo alianza kuchechemea mwezi Februari. Ni mbwa wa mbio, greihaundi mstaafu. Nilimchukua akiwa na miaka minne kutoka kituo kinachowatafutia makazi mbwa waliomaliza kazi viwanjani. Manchester, mji ninaoishi, ndiko mbio hizo za kisasa za kumkimbiza sungura wa bandia zilikoanzia Uingereza, katika uwanja wa Belle Vue, mwaka 1926. Uwanja ule haupo tena kwenye mbio, lakini mbwa kutoka viwanja vingine bado wanatafuta nyumba, na miguu yao imefanya kazi nzito.

Kilichonishangaza ni kwamba kuchechemea kwake kulifuata ardhi. Kwenye lami aliunyanyua mguu wa mbele wa kushoto kama aliyekanyaga kaa la moto. Kwenye changarawe aligoma kabisa. Tukifika kwenye nyasi za bustani alikimbia kama hana neno, na nyumbani kwenye zulia alikuwa mzima.

Jioni moja nikamlaza ubavu na kuutazama wayo. Kwenye ngozi nene ya kidole cha kati palikuwa na doa la mviringo, dogo kama punje ya dengu, lenye rangi iliyopauka kuliko weusi uliolizunguka. Nikajiambia papo hapo: funza.

Aliyekulia Muheza atanielewa. Babu alikuwa na mbwa watatu wa kufukuza nguruwe pori shambani. Hawakuingia ndani ya nyumba hata siku moja, na hakuna aliyewaita wanafamilia. Lakini mbwa akichechemea, babu hakusubiri kesho. Alimlaza chini ya mwembe, akamkamata mguu kwa goti na kuupekua kidole kwa kidole, maana ama ni mwiba, ama ni funza. Funza hachagui: huingia kwenye wayo wa mtu na wa mbwa vilevile, huvimba kwa mayai hadi kufikia punje ya mbaazi, na huacha doa jeusi katikati. Tumemzoea hadi tunamdhani wa kwetu, kumbe ni mgeni: alivuka Atlantiki kwa meli kutoka Brazil hadi Angola mwaka 1872, kisha akalivuka bara hadi upande wetu ndani ya miongo michache.

Nikampigia mjomba kwa video.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mpwa wangu. Hebu sogeza simu. Huyo ni funza, mtoe leo leo, asikae humo.”

Pini ilikuwa tayari mkononi. Kilichonizuia ni kwamba Upepo hakuwahi kutoka nje ya visiwa hivi vya baridi, ambako funza haishi. Nikaiweka chini.

Kliniki ya kwanza walimpapasa bega, wakampiga eksirei, wakatoa dawa ya maumivu na kuagiza apumzike wiki mbili. Nililipa fedha ambazo nyumbani zingenunua mbuzi kadhaa. Hakuna aliyeugeuza wayo. Iliniuma, kwa sababu babu yangu asiye na cheti angeanzia hapo hapo.

Daktari wa pili alianzia hapo. Aliulowanisha wayo kwa maji, na duara likajitokeza wazi, ukingo wake umekatika safi kama umechorwa. Kisha akalibana kutoka pembeni kwa vidole viwili. Upepo akauvuta mguu na kulia. Nikasema kwa Kiswahili, bila kukusudia: sugu.

Neno hilo tunalo kwa mkono wa mkulima na kwa paji la uso la mwenye kusujudu sana. Sugu hizo haziumi. Ya greihaundi ina kiini kigumu kinachozama ndani kama ncha ya kigingi, na kila hatua kwenye sakafu ngumu hukigongomea zaidi. Hutokea mara nyingi kwenye vidole viwili vya kati vya miguu ya mbele, kwa kuwa ndivyo vinavyobeba uzito. Kuhusu chanzo, madaktari hawajaafikiana: wapo wanaotaja mgandamizo kwenye wayo usio na nyama ya kutosha, wapo wanaotaja kovu la jeraha la zamani, na wapo wanaotaja virusi vya jamii ya chunjua.

Kuitofautisha na funza si kazi ngumu ukishajua. Funza huwasha, huvimba ndani ya siku chache na ana kitone cheusi. Sugu hukua polepole, ni kavu na ngumu, na mbwa huilalamikia lami kuliko udongo.

Daktari alikichimbua kiini kwa kifaa butu, taratibu, bila damu, na Upepo akatembea vizuri siku chache baadaye. Baada ya wiki kadhaa kilirudi. Ndivyo zilivyo. Sasa naisugua sugu kwa tupa laini, napaka mafuta ya nazi usiku, nampunguza kucha ili vidole vikae sawa, na kwenye lami namvalisha kiatu chenye soli laini ninachokivua mara tukifika nyumbani, kwa sababu unyevunyevu huharibu ngozi. Plasta za dukani za kutoa sugu za binadamu sizigusi: zina asidi inayounguza ngozi nzima, na mbwa ataziramba tu. Kuikata sugu yote kwa upasuaji mara nyingi hakuizuii kurudi. Ipo njia mpya zaidi ya kukata kano inayokunja kidole, ili kidole kilale na mzigo upungue, na imewapa nafuu mbwa wengi. Tutaifanya ikibidi. Kukata kidole chenyewe ningekuacha kuwe kwa mwisho kabisa, maana mzigo huhamia kwa jirani yake.

Nimemweleza mjomba yote haya. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama yule mbwa wao mwekundu aliyechechemea miaka miwili, na kila mara wakamchokonoa kwa pini bila kupata kitu, huenda naye alikuwa na kitu kingine kisicho funza. Sikuwa na jibu la kumpa kwa simu. Huku kuna mashine na wayo hautazamwi; kule wayo unatazamwa, lakini pini ikishindwa, mbwa anaachwa.

Kwa hiyo, popote ulipo, mbwa wako akichechemea, mtembeze kwanza kwenye lami, kisha kwenye nyasi, na utazame tofauti. Kisha lowanisha wayo, tafuta duara, na libane kutoka pembeni kwa upole. Ukilipata, weka pini chini na umwite daktari wa mifugo, na umwombe auanzie mguu hapo chini.