Simulizi za Zamu, Sehemu ya 9: Wakubwa wakigombana, dawa zetu zitakuwepo?

Nimetoka zamu, nimekula ndizi zangu na maharage, nimekaa. Tangu niandike ile sehemu ya kliniki ya CTC, watu wa Karagwe na Kyerwa wananiuliza swali moja kwa maneno tofauti: "Sista, hawa wakubwa wakigombana huko kwao, dawa zetu zitakuwepo?" Leo nalijibu. Ni ndefu kidogo, weka chai karibu.

Tuanze na tarehe moja, 20 Januari 2025.

Siku hiyo Rais Samia alisimama Dodoma akiwa na Dk. Tedros, mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), akatangaza kuwa mgonjwa mmoja wa Marburg amethibitika Biharamulo. Mkoa wetu huu huu wa Kagera, na ilikuwa mara ya pili, maana Machi 2023 ugonjwa huo ulitupiga Bukoba. Vipimo vilifanyika kwenye maabara tembezi ya Kabaile hapa hapa Kagera, vikathibitishwa Dar es Salaam. Tedros akaahidi dola milioni 3 za dharura.

Ilipofika saa 2 usiku kwa saa zetu, Donald Trump akaapishwa Washington. Kabla hatujaamka asubuhi alikuwa ameshasaini karatasi mbili zinazotuhusu: moja ya kuitoa Marekani WHO, nyingine ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe.

Yaani ndani ya saa 24, yule aliyekuja kutusaidia akaahidi fedha, na mchangiaji wake mkubwa kuliko wote akaaga.

Marburg haina chanjo iliyoidhinishwa wala dawa yake maalumu. Silaha yetu ni glovu, gauni, maji ya klorini, kumtenga mgonjwa na kumfuatilia kila aliyemgusa. Mlipuko ule ulitangazwa kuisha tarehe 13 Machi 2025. Wawili walithibitika kwa kipimo, wengine 8 walihesabiwa kwa dalili na mazingira. Wote 10 walifariki. Sisemi Trump ndiye aliyeleta Marburg, msininukuu vibaya. Nasema ugonjwa haukusubiri wakubwa wamalize hesabu zao.

Sasa twende CTC.

Siku chache baada ya ile amri ya siku 90, ikaja amri nyingine kwa miradi inayolipwa na Marekani: simamisheni kazi. Baadaye ikatoka ruhusa ya huduma za kuokoa maisha kuendelea, dawa za ARV zikiwemo, lakini wakati huo watu walishaambiwa wakae nyumbani. Wengi mlidhani kitakachokatika kwanza ni dawa. Hapana. Vidonge vilikuwepo stoo. Waliokatika kwanza ni watu: mshauri nasaha wa mkataba, mwingiza takwimu, WAVIU mshauri anayemtembelea mwenzake kijijini, kijana wa bodaboda anayepeleka sampuli za wingi wa virusi maabara.

Mtu wa nje anaweza kuona hao ni wa pembeni tu. Njoo ukae dirishani. Mama wa Nkwenda amekosa tarehe yake, nani anampigia simu? Kijana wa Murongo amehama bila kusema, nani anamjua kwao? Mimi mwajiriwa wa serikali nilibaki, ila nina wodi, nina wajawazito, nina zamu ya usiku. Kopo la dawa lipo, anayemfuata mgonjwa hayupo.

Kuna mama mmoja (mambo yake nimeyabadilisha ili asitambulike) alikuja Februari ile akiwa na vidonge vingi kuliko hesabu yake. Nikamuuliza, akasema: "Mwanangu, nilisikia redioni Mmarekani ameacha. Nikawa nameza leo, kesho naruka, ili zifike mbali." Hakuna aliyemwagiza. Alibana dawa kama anavyobana chumvi mwisho wa mwezi. Nilikaa naye nusu saa kumweleza kwamba virusi havijui kubana matumizi. Ukiruka, vinaamka, vinajifunza dawa, na siku ukirudi kwenye kopo dawa hiyo inaweza isikusaidie tena.

Wengine walifikiria kuvuka Mto Kagera wakachukue dawa Kikagati, kwa majirani zetu wa Uganda. Lakini Uganda nao walikuwa kwenye msaada ule ule wa PEPFAR. Koki moja, ndoo mbili. Aliyefunga koki Washington alizifungia zote.

Kwa mkoa huu habari hii siyo ya jana. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania walikuwa hapa Kagera, mwaka 1983. Wazee wanakumbuka ulivyoitwa Juliana, jina la nguo za magendo zilizotoka Uganda. Kwa miaka mingi watu walizikwa huku dawa ziko Ulaya na Marekani kwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ikasema inaweza kuuza mchanganyiko wa dawa tatu kwa takriban dola 350. Mwaka 2003 Rais Bush akaanzisha PEPFAR, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo. Kwa hiyo kopo moja ninalomkabidhi mgonjwa lina bendera nyingi: viwanda vya India, fedha za Marekani au za Mfuko wa Dunia, Bohari ya Dawa ya Tanzania, na mkono wangu mimi.

Kila bendera ina sababu yake. Wachina walileta madaktari Zanzibar mwaka 1964 na Bara mwaka 1968, na hadi leo wanaleta. Wanatupenda? Labda. Ila walikuwa pia wanatafuta marafiki wakati wanagombana na Marekani na Wasovieti. Bush aliguswa na Ukimwi, sikatai, na pia alitaka Afrika iitazame Marekani kwa jicho zuri. Msaada una anwani ya aliyeutuma. Hilo siyo tusi.

Mwaka 2021 niliviona vyote viwili kwenye friji moja. Julai zilifika nchini chanjo za Janssen zaidi ya milioni 1 kutoka Marekani kupitia Covax, na Rais akachanjwa tarehe 28. Oktoba zikafika Sinopharm za China, nazo zaidi ya milioni 1. Mzee mmoja akaniuliza: "Hii ni ya Mmarekani au ya Mchina?" Nikajiandaa kwa mjadala wa siasa. Kumbe alitaka kujua ipi ni sindano moja. Nikamwambia ya Mmarekani ni moja, ya Mchina unarudi baada ya wiki kadhaa. Akakunja shati: "Nipe ya moja, shamba la kahawa linanisubiri." Dunia nzima walikuwa wanahesabu nani amempa nani chanjo ngapi, mzee wangu anahesabu nauli ya bodaboda.

Najua kuna mtu ataandika kwenye komenti kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia. Methali nzuri, ila kwa hapa siipendi. Nyasi hazina la kufanya. Sisi tunalo, na tumewahi kulifanya.

Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilituambia, kwa vitendo, tuchague: sisi au Ujerumani Mashariki. Zanzibar ilikuwa imeshawatambua wa Mashariki. Baada ya Muungano, Mwalimu akatafuta njia ya kati, wa Mashariki wawe na ubalozi mdogo tu Dar es Salaam. Bonn wakakasirika, wakaondoa msaada wao wa kijeshi. Mwalimu akawaambia basi chukueni na uliobaki. Desemba mwaka huo huo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukaenda. Reli ya kwenda Zambia Benki ya Dunia ilikuwa imeikataa. China wakakubali, wakaijenga, kilomita 1,860, wakaikabidhi mwaka 1976.

Na ukitaka somo la karibu na nyumbani, waulize wazee kuhusu vita ya 1978. Oktoba majeshi ya Amin yaliingia kaskazini mwa Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, na barabara yetu ya kwenda Bukoba ikakatika hapo. Ndege za MiG za Amin zilikuwa za Wasovieti. Mizinga yetu ya BM-21 iliyomrudisha nayo ilikuwa ya Wasovieti. Gaddafi alituma askari kumsaidia Amin, ilhali sisi na Libya wote tulikuwa wanachama wa OAU. Rafiki wa nchi siyo kama rafiki yako wa kuchota naye maji. Leo anakuuzia, kesho anamuuzia anayekupiga.

Sasa mtu atasema: basi turudi enzi za Mwalimu, tuwaambie wote chukueni vyenu. Hapa ndipo nataka mnisikilize kama muuguzi.

Reli inaweza kusubiri. Akikataa Benki ya Dunia unamtafuta Mchina, mnazungumza miaka, mnajenga miaka, nchi inaendelea kuwepo. Mwaka 2016 Marekani ilisitisha fungu la dola milioni 472 la MCC kwa sababu ya uchaguzi wa Zanzibar na sheria ya mitandao. Sitaki kuingia kwenye siasa ya jambo lile. Nasema tu tuliumia, ila tukaendelea. Kidonge cha ARV hakisubiri. Oksijeni haisubiri. Damu ya mama anayejifungua haisubiri balozi aitwe wizarani.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Ukitaka kutofungamana na upande wowote, anza na vile visivyoweza kusubiri, uvilipie mwenyewe. Mkubwa akitaka kutusaidia barabara, bandari, mafunzo, karibu, tutazungumza naye taratibu. Lakini siku kidonge cha watu wetu kipo mfukoni mwa mtu mmoja, mtu huyo hahitaji hata kututisha. Sisi wenyewe tutachagua maneno kabla hajasema lolote. Mwalimu aliweza kusema "chukueni" kwa sababu kilichochukuliwa hakikuwa pumzi ya mgonjwa.

Angalieni yanayoendelea. USAID ilifungwa Julai 2025. Septemba Marekani wakatoa mkakati mpya wa afya: mikataba ya serikali kwa serikali, na nchi inayopokea iongeze fedha zake mwaka hadi mwaka. Kenya wakasaini Desemba, na siku chache baadaye Mahakama Kuu yao ikasimamisha kipengele cha kupeleka taarifa za wagonjwa nje. Mimi ninayejaza kadi za CTC kila siku nililisoma hilo mara mbili. Ile namba kwenye kadi ni mtu. China nao Mei 2025 waliahidi WHO dola milioni 500 kwa miaka 5, na Januari 2026 Marekani wakatoka WHO rasmi. Kiti hakikai wazi.

Sisi hatujalala kabisa. Mfuko wa Ukimwi wa taifa upo. Bajeti ya 2025/26 ilileta tozo za ndani kwa ajili ya Ukimwi na bima ya afya kwa wote. Nilisikia watu Omurushaka wakilalamikia bei ya bia, na nikawaelewa. Lakini tozo ile, kama kweli inafika kwenye kopo la dawa, ndiyo sera ya mambo ya nje ninayoielewa mimi. Neno langu kubwa liko kwenye hiyo "kama". Fedha ya nyumbani nayo huchelewa, na mgonjwa hajali kama ucheleweshaji umetoka Washington au umetoka kwetu. Tuiulize kwenye mikutano ya kijiji, tumuulize diwani, tumuulize mbunge: imekusanywa kiasi gani, imenunua nini, na yule WAVIU mshauri wetu analipwa na nani sasa? Na hatuko mikono mitupu. Kyerwa tuna bati ardhini, na hao wakubwa wote wanalihitaji kwenye simu na kompyuta zao.

Sasa jibu la swali lenu. Dawa zipo. Usiruke siku, usigawe kidonge, usimpe jirani, usisubiri redio ikwambie. Ukisikia jambo, njoo dirishani uulize, kuuliza ni bure. Na kama ulikosa tarehe kwa hofu au aibu, rudi tu. Hakuna atakayekufokea, na akikufokea niandikie.

Sehemu ya 10 nitaandika kuhusu wakunga wa jadi na wale akina mama wanaofika usiku wa manane. Wenye maswali wekeni hapa chini, nitajibu nikitoka zamu kesho. Usiku mwema, na wenye zamu usiku huu, Mungu awatie nguvu.