Siku sita Kewanja: ngozi, nyundo na mwanangu

Basi lilitoka Mwanza alfajiri, na mpaka tunapita Lamadi mwanangu hakuwa amesema neno. Ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Tangu atoe karatasi ya matokeo ya kufunga muhula, alikuwa amechomeka waya za simu masikioni na kuhamia huko.

Wiki moja kabla, mama yangu alinipigia simu kutoka Kewanja. "Mtoto wako ameniambia akija huku likizo harudi shule," alisema. "Anasema atakwenda na wenzake kwenye mawe."

Kama hujafika Nyamongo, huenda kauli hiyo isikushtue. Kewanja ni kijiji cha Wilaya ya Tarime, jirani kabisa na mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Mzazi wa huku akisikia "mawe" anajua kinachozungumzwa: vijana kuacha madaftari na kwenda kutafuta mawe yenye dhahabu. Wapo waliopata fedha ya wiki moja. Wapo waliorudi na majeraha, na wapo ambao hawakurudi.

Niliomba ruhusa kazini siku sita, nikaamua kumpeleka mwenyewe. Ndani ya begi langu kulikuwa na vipande vinne vya ngozi, kisu kidogo, nyundo ya mbao na sponji ya kuoshea vyombo.

Mimi si fundi. Ni karani wa ghala. Kuchonga nakshi kwenye ngozi nilikuwa nimefundishwa Jumamosi mbili tu na fundi mikoba wa Mwanza, kwa kupenda mwenyewe, nipate kitu cha kufanya jioni badala ya kutazama simu. Nilidhani nikishika kitu mbele ya kijana, labda naye atashika.

Ukitoka Bunda, barabara inakwenda mpaka Daraja la Kirumi, pale Mto Mara unapotanuka kuwa kinamasi cha mafunjo kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Baada ya hapo unapanda Tarime, hewa inakuwa ya baridi. Mjini Tarime tulibadilisha gari kuelekea Nyamongo. Jua lilikuwa linazama tulipoona vilima virefu vya vifusi vya mgodi, na chini yake ng'ombe wakirudi zizini kama kwamba vilima hivyo havipo. Upande wa kusini, ng'ambo ya Mto Mara, ni Wilaya ya Serengeti.

Ngozi ya Babu

Baba yangu, ambaye nyumbani sote tunamwita Babu, alicheka alipoona mzigo wangu.

"Unatoa ngozi Mwanza kuileta Kewanja? Mbona hiyo ni kupeleka samaki Musoma!"

Alikuwa na haki ya kucheka. Kwa Wakurya ngozi ya ng'ombe ilikuwa tandiko, vazi na ngao. Mpaka leo iko kwenye ngoma na kwenye iritungu, ala yetu kubwa ya nyuzi nane. Babu aliingia ndani akatoka na ngozi ya fahali wake wa zamani, ngumu kama bati. "Chongeni hii," alisema.

Tulijaribu. Kisu kiliteleza. Tukailowesha usiku kucha, asubuhi ikawa laini na yenye utelezi, ikaanza kunuka. Nikagonga ua dogo kwa nyundo, alama ikaingia vizuri, lakini ilipokauka ngozi ilijikunja na ua likapotea. Kwa mara ya kwanza tangu Mwanza, mwanangu alitoa waya moja sikioni. "Kwa nini ya kwako inakubali na hii inakataa?" aliuliza.

Ngozi ya Babu ilikuwa imewambwa na kukaushwa juani tu. Hiyo inafaa ngoma, kwa sababu hukakamaa ikikauka. Ya kuchonga nakshi lazima iwe imeiva kwa dawa ya mimea. Magome ya miti ya miwati, ile inayolimwa sana Njombe, yana dawa ya namna hiyo. Dawa ikishaingia mpaka katikati, ngozi haiozi, na ukiilowesha kidogo inashika alama na kukauka nayo.

Kuna pia ngozi inayoivishwa kwa dawa ya kromu. Ni laini na haraka kutengenezwa, ndiyo maana viatu na mikoba mingi ya dukani ni ya namna hiyo. Lakini ukiigonga alama hurudi juu kama sponji. Fundi wangu alinionyesha namna ya kutambua: lowesha kona, bonyeza kwa kucha, subiri. Alama ikibaki, nunua. Ikifutika, iache. Tazama pia ukingo uliokatwa: ya mimea huwa ya kahawia mpaka ndani, ya kromu mara nyingi ina ukijivu au ubuluu katikati.

Babu alisikiliza yote, akachukua kipande changu na kukibonyeza kwa kucha. Alama ikabaki. "Mura," alimwambia mjukuu wake, "kumbe hata ngozi kuna iliyosoma na ambayo haijasoma." Kijana alitabasamu, akakumbuka kuwa amenuna, akanyamaza.

Jiwe la Bibi

Siku ya pili tulihitaji kitu kigumu cha kugongea juu yake. Meza ya mbao inadunda na alama zinakuwa hafifu. Kitu pekee bapa na kizito kilikuwa jiwe la Bibi la kusagia ulezi. Alitupa kwa sharti kwamba tulirudishe kabla ya chakula cha jioni, likiwa limeoshwa.

Tulikosea mara moja. Tuliilowesha ngozi mpaka ikachuruzika maji, tukaanza kukata papo hapo. Mistari ilijifunga nyuma ya kisu kama njia kwenye matope. Unatakiwa kupitisha sponji yenye unyevu mpaka ngozi iwe nyeusinyeusi, kisha uiache. Rangi yake inapoanza kurudi, huku bado ukiiweka shavuni unasikia ubaridi, hapo ndipo inakuwa tayari. Kuna siku ni dakika kumi, kuna siku ni nusu saa. Juni huku upepo ni mkavu, inabidi uwe macho.

Kusubiri huko ndiko kulikomshinda mwanangu mwanzoni, na mimi zaidi. Tulikaa chini ya mti tukitazama ngozi ikikauka, bila la kusemezana.

Siku ya tatu alipata wazo lake mwenyewe. Alichukua misumari ya inchi sita, akaisugua vichwa kwa tupa mpaka vikawa na umbo: kimoja nukta, kimoja nusu mwezi, kimoja mshazari wa kushusha ngozi pembeni ya mstari ili picha iinuke. Alifanya kazi saa tatu bila kuinua kichwa. Tulipovigonga, umbo lilitoka safi. Baada ya muda mfupi likageuka jeusi kama wino.

Chuma kikigusa ngozi ya mimea yenye unyevu, dawa ile ya magome hushikana nacho na kuwa nyeusi. Mafundi wengine hulowesha misumari kwenye siki makusudi wapate rangi nyeusi. Sisi hatukuitaka. Tulipaka maji ya limao na mengi ya mabaka yakafifia, kisha kijana akafunika vichwa vya misumari yake kwa rangi ya kucha aliyoomba kwa shangazi yake. Ilimbidi airudie kila mara, lakini ilifanya kazi.

Mstari uliopotoka

Tulikuwa tunatengeneza mkanda wa kubebea redio ya Babu. Nakshi yake ilikuwa rahisi: pembe mbili za ng'ombe zikijirudia mpaka mwisho. Siku ya nne nilikuwa nakata pembe ya saba. Kisu hukatwa kwa kina cha theluthi moja tu ya unene wa ngozi, na mkono wa pili hukaa nyuma ya kisu, kamwe si mbele yake. Mimi niliharakisha. Kisu kikatoka nje ya mchoro karibu sentimita mbili.

Mstari uliokatwa kwenye ngozi haufutiki. Nilitukana kwa sauti ndogo, nikasema tukitupe kipande tuanze upya.

Mwanangu alikichukua. "Tusitupe," alisema. Akakata mistari mingine miwili kando ya ule wangu, akaigonga kwa nusu mwezi, likawa bua la nyasi. Kisha, macho yake yakiwa kwenye ngozi, akasema: "Baba, siku ile ungenisubiri wageni waondoke."

Nilijua siku ipi. Karatasi ya matokeo ilipofika, niliisoma kwa sauti sebuleni, mbele ya wafanyakazi wenzangu wawili. Hisabati, 14. Fizikia, 19. Nilidhani aibu itamwamsha. Aliniambia kwamba tangu mwaka uanze haelewi hisabati, kwamba darasani anaogopa kuuliza, na kwamba baada ya siku ile aliona heri kwenye mawe, ambako hakuna anayesoma alama zako.

Nilitamani kujieleza. Badala yake nilisema, "Nilikosea. Nisamehe." Hakujibu. Alinisogezea sponji, akasema ngozi inakauka.

Mafuta ya makongoro

Siku ya tano ilikuwa ya kumalizia. Ngozi ikauke kabisa kwanza, la sivyo rangi inashika mabaka. Tulipaka rangi ya kahawia kwa kitambaa, safu nyembamba tatu, nje penye hewa. Kwa kulainisha, mafundi hutumia mafuta yanayotokana na mifupa ya miguu ya ng'ombe. Bibi alikuwa amechemsha makongoro, akatuengulia mafuta ya juu, tukayachuja. Tulipaka kidogo sana, maana yakizidi ngozi inalegea na nakshi inafifia. Kingo tulizilowesha kidogo, tukazisugua kwa mpini laini wa jembe mpaka ziking'aa, kisha nta ya nyuki juu. Matundu tulitoboa kwa msharasi wa fundi viatu wa jirani, tukashona kwa uzi uliopakwa nta.

Siku ya sita Babu alivaa redio begani, akaenda nayo kwa wazee wenzake. Alirudi jioni akisema wote wameuliza lile bua la nyasi limetoka wapi katikati ya pembe.

Mzazi mwenzangu

Ngozi haikupandisha alama za mwanangu. Tuliporudi tulimtafutia mwalimu wa hisabati wa jioni, na safari bado ni ndefu. Lakini shule alirudi.

Kama ungependa kujaribu na mtoto wako, anza na vipande vya mabaki kwa fundi mikoba au fundi viatu, vya unene wa milimita tatu hivi, na kumbuka jaribio la kucha. Chora kitu kidogo: jani, herufi, pembe. Kisu kiwe kikali, kwa sababu kisu butu ndicho kinachoteleza na kukata vidole. Kwa mtoto wa chini ya miaka kumi, shika kisu wewe, yeye agonge mihuri. Akikolea na kutaka kuifanya kazi, ajue kwamba fani hii ina shule yake: Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam inafundisha teknolojia ya ngozi katika kampasi yake ya Mwanza.

Na usijifanye mwalimu. Nadhani mwanangu alizungumza kwa sababu aliniona nikikosea mbele yake, na kwa sababu mikono yetu ilikuwa na kazi na macho yetu yalikuwa kwenye ngozi. Wiki iliyopita alitoa kipande cha mwisho begini, akakilowesha, akakiweka mezani. "Bado," aliniambia nilipochukua kisu. "Iweke shavuni kwanza."