Jongoo Mmoja, Pango Moja

Wasee, leo tuongee kuhusu jongoo. Najua wengi wenu mkimwona kwa mlango mnatafuta chumvi ama kiatu. Mvua ikinyesha siku mbili, wanatapakaa mtaa mzima, kwa hivyo mtu anadhani jongoo ni jongoo tu, wako wengi, hawawezi kuisha. Kwa hawa wetu, sawa. Kwa wale wa mapangoni, hesabu ni tofauti kabisa.

Mwili wa jongoo hupoteza maji haraka, ndiyo maana anapenda mahali penye unyevu. Wale ambao mababu zao waliingia pangoni zamani na kubaki humo wamebadilika: wengi hawana macho wala rangi. Nje kuna jua na ukavu, hawatoboi. Hawawezi kuhama pango hili waende lile la ng'ambo ya bonde. Kila pango linakuwa kama kisiwa, na spishi nzima inaweza kuwa na anwani moja tu duniani.

Cheki huyu anaitwa Illacme tobini. Mwaka wa 2006 dume mmoja alipatikana ndani ya Lange Cave, Sequoia National Park, California. Mwaka wa 2016 wanasayansi wakamtangaza kuwa spishi mpya: miguu 414, macho hana. Ramani yake ilikuwa nukta moja. Binamu yake, Illacme plenipes, anaishi kama kilomita 240 kutoka hapo.

Australia nako, mwaka wa 2020, watafiti walishusha mitego yenye majani kwenye mashimo yaliyotobolewa na watafutaji madini. Kina cha mita 60 hivi, wakampata Eumillipes persephone. Miguu 1,306! Hakuna mnyama mwingine anayejulikana kuwa na miguu mingi hivyo. Na manze, huyo alionekana kwa sababu watu walikuwa wanatafuta mali ya kuchimba hapo hapo anapoishi.

Hapo ndipo shida yangu iko. Mapango mengi duniani yako kwenye mawe ya chokaa, na mawe hayo ndiyo yanasagwa kutengeneza saruji. Sisemi tusijenge, hata mimi nalala kwa nyumba ya saruji. Lakini msitu ukikatwa, angalau tunaona ndege wakihama. Pango likilipuliwa, jongoo wa humo hana pa kwenda, na hakuna wenzake kwingine watakaorudisha kizazi.

Sisi pia tuna mapango: Shimoni kule pwani, na ya lava kule Suswa na Chyulu. Sheria yetu ya mazingira ya 1999 inataka tathmini ifanywe kabla ya kufungua machimbo. Poa. Basi anayefanya hiyo tathmini asihesabu miti ya juu pekee. Aingie chini na tochi, ageuze mawe polepole, aandike kila kidudu anachokuta kabla baruti haijafika.

Na sisi tunaoenda huko kupiga picha, tusiwashe moto ndani, tusiache takataka, na tuangalie tunapokanyaga. Kama kwenu kuna pango, waulize wazee linaitwaje na ni nini huishi humo. Kuna yeyote aliyewahi kwenda kuangalia?