Mwalimu wa Solfa

Kwa wazee wetu wa Shinyanga, mwanamuziki alikuwa manju: mtu anayetunga, anayeongoza ngoma, na anayejua kumnanga mpinzani hadi umati uangue kicheko. Wachezaji wa Kisukuma waligawanyika kambi mbili, Bagika na Bagalu, ambazo hujinasibisha na Ngika na Gumha, waganga wawili mashuhuri wa karne ya 19. Baada ya mavuno kambi hizo hushindana siku moja, uwanja mmoja, na hakuna jaji wa mezani. Watazamaji wakihamia kwa mwenzako, umeshindwa. Ndiyo maana samba, dawa ya mvuto, ilihesabiwa kuwa sehemu ya ufundi.

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa mtoto wa Mgalu wa Maswa, na mzee wake alitegemea arithi ngoma. Yeye akaenda chuo cha ualimu, akakutana na solfa, akanasa. Alipohamishiwa Kahama kufundisha shule ya msingi, jioni zake zote akazitoa kwa kwaya ya parokia. Malipo yake, kwa miaka mingi, yalikuwa asante na mara mojamoja jogoo.

Alitushika kwa chaki. Ubaoni alichora mistari minne, soprano juu, bezi chini, kisha herufi zikafuata: d, r, m, nukta mbili, mkwaju, kistari cha kurefusha sauti. Mwenye kaunta buku alinakili. Asiyekuwa nayo alikariri. Halafu aligonga uma wa sauti kwenye goti, akausogeza sikioni, akaishusha la taratibu hadi kwenye do aliyoitaka, ndipo akamgawia kila mtu sauti yake. Alto walikwenda chini ya mwembe, bezi nyuma ya sakristia. Kwa njia hiyo watu ambao hawakuwahi kuona kinanda waliimba Aleluya ya Handel kila Pasaka, kwa Kiswahili, na tenori hawakuchomoka hata kidogo. (Soprano walichomoka. Soprano huchomoka popote duniani.)

Lakini Usukuma haukumtoka. Alimtaja sana Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, ambaye miaka ya 1950 pale Bujora, karibu na Mwanza, aliingiza ngoma na lahani za Kisukuma kwenye ibada na kuanzisha kikundi cha Bana Sesilia. Alimtaja pia Padre Stephen Mbunga, aliyeandika kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu mwaka 1963, mwaka uleule ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungulia mlango lugha na muziki wa kila taifa. Kazi aliyobaki nayo mwalimu ilikuwa ya mezani, na ngumu. Nyimbo alizozisikia kwa baba yake zilikwenda kwa noti tano tu. Ukizipangia sauti nne kwa kanuni za kitabu, fa na ti zinadai nafasi ambayo wimbo haukuzipa. Dawa yake ilikuwa kuwaacha bezi washikilie do na so, zikipokezana kama ngoma mbili, na alto waitikie badala ya kufuatana na soprano. Wasomi walimsahihisha. Waumini walicheza. Mimi niko na waumini.

Kisha dhahabu. Wachimbaji wadogo walikuwapo tangu zamani, ila mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu hapo Kahama mwaka 2001, kila kijana alijiona yuko jirani na utajiri. Kuna Kwaresima tenori karibu wote walikuwa kwenye machimbo ya Nyarugusu na Rwamgasa, wengine duarani, yaani shimoni, wengine kwenye makarasha ya kusaga mawe. Waliorudi walirudi na fedha na vifua vilivyojaa vumbi la mawe. Mwalimu aliwasikiliza wakipanda kwenye mi ya juu, akanyamaza, akashusha wimbo ufunguo mzima.

Fedha zao ndizo zilizonunua kinanda cha umeme, spika na sare za kitenge. Siwalaumu; kwaya isiyo na sare haialikwi. Ila kinanda kile kilikuja na midundo yake tumboni. Mpigaji anabonyeza kitufe, na kuanzia Shinyanga hadi Chato kila wimbo unatembea mwendo mmoja. Studio nayo ikataka wimbo mfupi wenye kiitikio cha haraka, na picha za waimbaji wakicheza kando ya ziwa. Kaunta buku zikaishia kwa panya. Vijana wakajifunza kwa kusikiliza kwenye simu, sauti moja moja, na wakawa hodari kweli, ingawa ukiwaandikia m ubaoni wanakutazama tu.

Mwalimu alistaafu, akanunua simu kubwa. Siku moja akapokea kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa kwaya nota zilizochapwa vizuri kwa kompyuta, na juu yake: mtunzi hajulikani. Ulikuwa wimbo wake wa mavuno. Zaidi ya hapo, kwenye alto mtu alikuwa amepachika fa.

Akaandika ujumbe mrefu, wa adabu, akaambatanisha picha ya ukurasa wake wa zamani. Wakaomba radhi, wakamwita mzee wetu, jina lake likawekwa. Ile fa wakaiacha. Kwaya nyingi, walimweleza, zimekwisha kuizoea.