Mtae: Salamu kwanza, zawadi baadaye

Basi la kutoka Lushoto linakufikisha ukingoni mwa milima ya Usambara, nyika ya Mkomazi ikiwa chini kabisa. Mtae hupiti kimya. Unasalimia, unaulizwa utokako, habari za safari, wazazi, watoto. Ukiharakisha, unaonekana una jambo.

Ukikaribishwa ndani, usiende mikono mitupu. Kilo ya sukari au mche wa sabuni inatosha. Ukiaga, usishangae mfuko wako ukirudi na mapeasi au viazi, maana chombo hakirudishwi kitupu.

Kwa wenye watoto, hapo ndipo pagumu. Mjini tunawakataza kupokea kitu kwa wasiowajua, na sababu tunazo. Nilimwona bibi mmoja njiani akimpa mtoto mgeni pichi. Mtoto akasema, "Shikamoo, bibi," kisha akamtazama mama yake. Mama alipoitikia kwa kichwa, akalipokea kwa mikono miwili. Likaoshwa kwanza, ndipo likaliwa.

Pipi za kugawa njiani ziacheni. Zinaharibu meno, na watoto wanazoea kukimbilia magari ya wageni. Chochote ulichowabebea, mkabidhi mama mwenye nyumba, mkishamaliza salamu.