Barua ya Mlimani na Dagaa wa Mwaloni

Barua ya kukubaliwa kuhamia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilinikuta nadaiwa ada, nimezuiwa kufanya mtihani, na nimechoka kuwakwepa watu wa uhasibu.

Asiyesoma sheria hawezi kujua Mlimani ni nini kwetu. Kitivo cha sheria kilianza 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kabla chuo chenyewe hakijahamia kilimani. Issa Shivji amesomea hapo. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, naye amesomea hapo. Mimi nilikuwa mwaka wa pili, chuo cha binafsi mikoani, ambako kitabu cha Mulla cha mwenendo wa madai kilikuwa kimoja na kurasa za rufaa zimenyofolewa. Ukitaka kujua rufaa inakatwaje, shauri yako.

Kuhama kuna hesabu zake. Chuo kipya kikubali masomo uliyofaulu, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) iridhie, Bodi ya Mikopo nayo ihamishe mkopo. Niliambiwa baadhi ya masomo yangu hayatahesabiwa, kwa hiyo ningerudia mwaka. Mkopo wangu haukuwa kamili tangu mwanzo. Pengo aliliziba mama kwa dagaa anaouza soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hailali ziwani, na meza ya mama haina kitu. Ada haijui mbalamwezi. Mwaka wa ziada maana yake ni kumwambia mwanamke huyo azipitie mbalamwezi hizo zote tena, na nyuma yangu kuna wadogo zangu wawili.

Mama hakunizuia. “Nenda mwanangu, Mungu atatoa,” alisema, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Angenikataza ningepata wa kumlaumu.

Nikiwa bado na barua mkobani, Oktoba 2022, yakatoka matokeo ya Shule ya Sheria Tanzania, pale ambapo kila mwenye shahada ya sheria anayetaka uwakili lazima apite. Kati ya wanafunzi 633 walifaulu 26. Wengine 265 walidisko, yaani waliondolewa masomoni. Nchi ikatetemeka, Waziri wa Katiba na Sheria akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Mjomba wangu, karani wa mahakama, akanipigia simu: “Mama, hao mia sita wametoka vyuo vyote. Wewe unakimbilia wapi?”

Nikabaki. Sisemi jina la chuo halina kazi. Ofisi kubwa za mawakili Posta na Masaki huliangalia kabla hazijakuangalia wewe, na milango hiyo niliiacha nikijua. Rafiki yangu aliyehama aliipata. Miezi ya kwanza nilikuwa nikiona picha zake za Mlimani nazima simu.

Lakini simu hiyohiyo ndiyo iliyonisomesha. Tovuti ya TanzLII huweka hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani bure, na bando la usiku lilikuwa rahisi kuliko nauli ya kwenda maktaba yoyote. Bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, likiisha nilikuwa nachapa kazi za wenzangu stationery ili nile, halafu usiku nasoma hukumu, moja baada ya nyingine, hasa za ardhi, kwa sababu hizo ndizo kesi za watu wa kwetu. Rufaa nilijifunza humo, kwa kuona nyingi zinavyotupwa kwa sababu tu mtu kachelewa kuileta au kasahau kiambatisho.

Shule ya Sheria tulikutana tena, mimi na yule rafiki, kikundi kimoja. Matokeo yalipotoka tulikuwa na sapu, mitihani ya marudio, wote wawili: yeye uandishi wa nyaraka, mimi mwenendo wa madai. Mulla alilipiza kisasi. Tukakaa chumbani kwake Sinza tukabadilishana madaftari, yeye akinipigia kelele kuhusu amri za utekelezaji wa hukumu, mimi nikimfutia mikataba yake mpaka akakasirika. Sapu tukazifuta. Tuliapishwa siku moja, na mama alikuja kwa basi kutoka Mwanza akiwa na furushi la dagaa, akamgawia na yeye.

Sasa yuko Posta. Mimi nashughulika na viwanja, na wateja wangu wengi hulipa mwezi ukishaisha mbinguni.